Riwaya ya Ugaidi Ianzie Mtaani Kwetu

Hotuba kwa waandishi na wasomaji wa riwaya, Arusha. Imewekwa yote kwa ajili ya waliokosa kufika.

Mwenyekiti wetu, wazee wangu mlioketi hapa mbele, shikamooni. Walimu, wanafunzi, waandishi wenzangu, na ninyi mliodamka kuwahi gari la kutoka Moshi, hamjambo? Asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie riwaya za kisiasa na kijeshi, hizi za ugaidi na usalama wa taifa. Mimi ni mhariri. Miswada ya aina hii inanifikia kwa wingi, na nasema hivyo kwa furaha, maana nimeipenda riwaya ya upelelezi tangu utotoni. Wenye umri wangu mnakumbuka vile vitabu vidogo vilivyopita mkono kwa mkono bwenini mpaka jalada likabanduka na kurasa za mwisho zikapotea, ukabaki unamtafuta aliyekisoma kabla yako akusimulie mwisho wake. Vitabu vile viliwafundisha Watanzania wengi raha ya kusoma. Adui wa enzi zile alikuwa kaburu na vibaraka wake, na mpelelezi wetu alivuka mipaka kuwalinda wapigania uhuru. Waandishi wale hawakuwa wanaota. Kamati ya Ukombozi ya OAU, ule Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Waliandika kilichokuwa mlangoni kwao.

Sasa adui amebadilika, na hapo ndipo nina neno leo. Miswada ninayoipokea inauandika ugaidi kama jambo la mbali. Gaidi anatoka jangwani. Bomu linaundwa pangoni. Mpelelezi anapanda ndege, anapigana Ulaya, anapigana Uarabuni, anarudi amekwisha kuliokoa taifa, na taifa lenyewe hujaliona hata ukurasa mmoja. Ndugu zangu, ni wapi tulikoumizwa? Ni jangwani? Ni pangoni?

Tuliumizwa Oysterbay. Tuliumizwa Olasiti, hapa hapa Arusha. Tuliumizwa uwanja wa Soweto, huu huu wa mjini hapa. Kwa hiyo ombi langu kwenu ni moja tu, na nitalirudia mpaka mlichoke: riwaya ya ugaidi ianzie mtaani kwetu.

Tuanze na Dar es Salaam. Ijumaa, Agosti 7, 1998, saa 4:39 asubuhi, lori aina ya Nissan Atlas liliripuka nje ya ubalozi wa Marekani, Barabara ya Laibon, Oysterbay. Watu 11 walikufa, zaidi ya 80 wakajeruhiwa. Karibu saa ile ile lori jingine liliripuka Nairobi, zaidi ya watu 200 wakafa na maelfu wakaumia. Hayo mnayajua. Lakini wangapi humu mmejiuliza lori la Dar lilitoka wapi asubuhi ile?

Lilitoka Ilala, kwenye nyumba ya kupanga yenye ukuta. Habari zake zilielezwa mahakamani New York mwaka 2001, kipande kwa kipande. Mtu alikwenda kutafuta nyumba, akalipa kodi. Lori lilinunuliwa kwa pesa, lina muuzaji, lina bei. Palikuwa na kigari cha Suzuki cha kuzungukia mjini. Watu wale waliishi humo, wakala, wakaswali, wakatoka na kurudi, na majirani wakawaitikia salamu.

Sasa ninyi waandishi niambieni. Dalali wa nyumba ile alikuwa nani? Alikula cha juu kiasi gani, na pesa ile aliifanyia nini? Mjumbe wa nyumba kumi alipita kujitambulisha? Kadi ya lori ilibadilishwa jina, au iliachwa vile vile, kama tunavyoziacha zetu miaka na miaka kwa kukwepa gharama? Mwenye nyumba aliposikia Ijumaa ile mchana kwamba Oysterbay pameripuka, alikuwa anafanya nini? Na alipokuja kujua ni nyumba yake, alimwambia nani kwanza?

Hiyo ndiyo riwaya! Kila swali nililouliza ni sura nzima ya kitabu, na katika kitabu hicho hakuna mtu anayeruka kutoka kwenye helikopta. Taharuki yake iko kwenye risiti, kwenye mkataba wa upangaji, kwenye jirani anayesikia kelele usiku na kuamua kesho yake kwamba hayamhusu.

Mmoja wa wakazi wa nyumba ile alikuwa kijana wa Kizanzibari, Khalfan Khamis Mohamed. Asubuhi ya tukio alipanda lori lile pamoja na dereva, raia wa Misri, akasindikiza sehemu ya njia, kisha akashuka na kurudi nyumbani. Tafakarini hapo tu. Mtu anashuka kwenye lori ambalo anajua linakwenda kuua. Anafunga mlango wa lori. Pembeni pana watu wanasubiri daladala. Anarudi Ilala. Baadaye aliondoka nchini, na Oktoba 1999 alikamatwa Cape Town, ambako alikuwa ameajiriwa kwenye mgahawa wa baga. Aliyepanga kifo alikuwa anawapa watu chakula, na wao wanamwambia asante. Alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2001.

Na kwenye lango la ubalozi kulikuwa na nini? Kulikuwa na boza la maji. Boza la kawaida, kama haya yanayopita Njiro wakati wa mgao. Lilikuwa limekuja kazini, na kwa kuwa lilikuwa pale, lori la bomu halikuweza kuingia ndani. Mlipuko ukatokea nje. Ninapousoma mswada wa shambulio la ubalozi, getini namkuta komandoo mwenye kifua kipana. Historia ilituwekea watu waliokuja kushusha maji. Kwa nini tunawafuta? Tunaona aibu gani na watu wetu wa kazi?

Hata aliyepanga shambulio la Nairobi, Fazul Abdullah Mohammed wa Komoro, mtu aliyesakwa kwa takriban miaka 13 na kuwekewa zawadi ya dola milioni 5, hakuangushwa na mtego wa kijasusi. Juni 2011, usiku, Mogadishu, gari alimokuwamo lilipotea njia likaangukia kwenye kizuizi cha askari wa serikali. Wakampiga risasi bila kujua wamempata nani. Mwandishi, yule askari wa kizuizini mpe jina. Mpe usingizi machoni na simu inayokaribia kuzima chaji. Yeye ndiye aliyekuwa pale.

Jambo la pili ni gaidi mwenyewe. Wahenga walishasema kikulacho ki nguoni mwako, lakini miswada yetu inamchora gaidi mwenye kovu shavuni, anayecheka peke yake gizani, na jina lake hakuna mtu wa hapa anayeweza kulitamka. Msomaji anafunga kitabu anashusha pumzi: huyo hayupo huku kwetu.

Jamani, sisi wa Arusha ndio wa mwisho kabisa kuruhusiwa kuandika hivyo. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikaa mjini hapa, kwenye kituo cha mikutano cha AICC, mpaka ilipofunga kazi Desemba 2015. Wangapi humu waliwahi kwenda kuketi nyuma ya kile kioo, wakavaa visikilizio, wakasikiliza kesi hata siku moja? Mikono ni michache. Basi nitawasimulia.

Septemba 2, 1998, mwezi haujatimia tangu Oysterbay, mahakama ile ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu kwa mauaji ya kimbari. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa, baada ya kusikiliza kesi, kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo, na ndiyo hukumu iliyotamka kwamba ubakaji nao unaweza kuwa njia ya kuangamiza jamii. Historia ya sheria ya dunia iliandikwa kwenye jengo ambalo wengine wenu mnalipita kila siku mkienda kazini.

Akayesu alikuwa nani? Jenerali? Alikuwa mwalimu, ambaye baadaye akawa kiongozi wa wilaya ya Taba. Watu wake walimheshimu. Mauaji yalipoanza Rwanda Aprili 1994, siku za mwanzo alijaribu kuyazuia Taba, na mahakama ilikubali kwamba alijaribu. Kisha Aprili 18 yeye na viongozi wenzake waliitwa mkutanoni na serikali ya mpito. Baada ya mkutano ule alikuwa mtu mwingine. Watu walioikimbilia ofisi yake kuomba hifadhi waliuawa, na wanawake walibakwa kwenye eneo la ofisi ile ile.

Mtu alikwenda mkutanoni. Alirudi na nini? Alitishwa? Aliona upepo umegeuka akaamua kuufuata? Aliogopa kuitwa msaliti? Ukiweza kuijaza njia ile ya kurudi Taba, kuanzia alipotoka mkutanoni mpaka alipofika kwake, umeandika riwaya ya usalama wa taifa itakayosomwa hata na wajukuu wetu.

Najua wapo mawakili humu watakaosema mauaji ya kimbari na ugaidi ni makosa mawili tofauti. Kisheria ni kweli. Mimi nawaonyesha mtu anavyogeuka, na kugeuka huko hakuulizi kosa litaitwaje kwenye hati ya mashtaka. Kumbukumbu za mahakama ile zimetunzwa Lakilaki, nje kidogo ya mji, chini ya chombo cha Umoja wa Mataifa kilichorithi kazi zake, na nyingi zinasomeka hata kwenye simu. Mashahidi wanaulizwa neno kwa neno. Wanasahau, wanalia, wanajipinga wenyewe, wanabanwa na mawakili. Kijana anayetaka kujifunza kuandika mazungumzo yenye uhai akazisome hizo kabla hajafungua filamu yoyote.

Na kama Rwanda mnaiona mbali, twendeni Garissa, Kenya. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa kwenye chuo kikuu, wengi wao wanafunzi. Kesi ilipomalizika Nairobi mwaka 2019, miongoni mwa waliotiwa hatiani alikuwamo kijana wa Kitanzania. Alifungwa maisha. Kijana aliyesoma kwenye shule zetu, akaimba wimbo wa taifa letu asubuhi mstarini. Nani alimpa nauli? Alimwambia mama yake anakwenda wapi? Nani alikuwa anampigia simu usiku, na alimwahidi nini ambacho sisi hatukumpa? Sijawahi kupokea mswada unaouliza maswali hayo. Napokea wenye makovu.

Hapa nisimame kidogo, maana nikisema gaidi ni mmoja wetu, wapo ambao macho yao yanakwenda moja kwa moja kwa mwenzao aliyevaa kofia ya kiua. Miswada nayo inafanya hivyo. Mwandishi anamvika mhusika kanzu, anamfuga ndevu, basi, kamaliza kazi, msomaji ameshaambiwa amwogope nani. Huo ni uvivu, na ni uvivu unaoumiza watu tunaoishi nao.

Desemba 21, 2015, basi lilikuwa linatoka Nairobi kwenda Mandera, huko huko Kenya. Karibu na El Wak wakatokea watu wenye bunduki wa Al-Shabaab, kundi la kigaidi la Somalia, wakawaamuru abiria wajigawe, Waislamu huku na Wakristo kule. Kila mtu ndani ya basi alijua kugawanywa kule maana yake nini, kwa sababu mwaka mmoja nyuma abiria waligawanywa hivyo hivyo upande ule wa nchi na wakauawa. Abiria Waislamu walikataa. Wanawake walivua hijabu zao wakawapa wenzao Wakristo wajifunike. Wakawaambia wenye bunduki: tuueni wote au mtuache. Mmoja wao, Salah Farah, mwalimu, naibu mkuu wa shule, alipigwa risasi, akafariki mwezi uliofuata akiwa anatibiwa.

Niambieni, kati ya Salah Farah na mpelelezi mwenye miwani myeusi, nani shujaa wa riwaya yetu? Mwalimu wa shule ya msingi, yuko safarini, hana silaha. Fikirini sekunde zile ndani ya basi. Ushungi unavuliwa haraka, pini inadondoka sakafuni, mtu anamfunga kilemba mtu asiyemjua jina. Andikeni hayo. Mkiandika hayo, kanzu na ndevu mtaziacha wenyewe bila kuhimizwa na mhariri.

Jambo la tatu ni dola. Nitalipita kwa kasi kidogo, lakini sitaliruka.

Katika miswada yetu ofisa wa Usalama wa Taifa anavunja milango, anakamata, anahoji, anahukumu, na ikibidi anaua, yote kabla ya chakula cha mchana. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1996, ilivyotungwa, ilisema kazi ya idara ile ni kukusanya habari, kuzichambua na kuishauri serikali. Kusimamia usalama kwa nguvu haikuwa kazi yake. Sheria ile ilirekebishwa mwaka 2023. Someni ya mwanzo na marekebisho yake, mlinganishe. Polisi ana kazi yake. Mkurugenzi wa Mashtaka ana yake. Hakimu ana yake. JWTZ, jeshi letu, lina yake. Ofisa anajua jambo zito lakini hawezi kumwambia hakimu amelijuaje. Polisi anataka kukamata leo, mwenzake anataka kusubiri wiki ili ampate mkubwa wao. Na wiki ile ikipita vibaya watu watakufa. Hiyo ndiyo mivutano ya kuandika. Ukimfanya mtu mmoja kuwa kila kitu, umeiua hadithi yako mwenyewe.

Kisha kuna Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002, na hapa naomba mnisikilize kwa utulivu. Masheikh wa Uamsho, kikundi cha kidini cha Zanzibar, walikaa mahabusu miaka mingi kwa tuhuma za ugaidi. Juni 2021 Mkurugenzi wa Mashtaka alifuta mashtaka, wakatoka. Julai mwaka huo huo Freeman Mbowe, mtoto wa Hai, mwenyekiti wa chama cha upinzani cha CHADEMA wakati ule, alikamatwa na kushtakiwa kwa makosa ya ugaidi. Ninyi wa Moshi mnakumbuka mtaa wenu wa Rau Madukani ulivyotajwa mahakamani siku baada ya siku. Machi 4, 2022 upande wa mashtaka uliondoa kesi.

Sikuja hapa kurudia kesi hizo. Nauliza kama mhariri: kwa nini katika riwaya zetu kila anayekamatwa ana hatia? Kwa nini hakuna mhusika anayekaa mahabusu mpaka mtoto wake anaanza shule, halafu anafunguliwa mlango anaambiwa nenda? Mke wake aliishije? Duka lake nani alilikalia? Majirani waliacha lini kumsalimia, na je, walianza tena? Mwandishi asiyeweza kuliona hilo ataishia kuandika matangazo ya serikali au matangazo ya upinzani, na yote mawili yana watu wake wanaolipwa kuyaandika.

Wapenda vita msinune, nanyi sijawasahau. Oktoba 2020 wapiganaji kutoka upande wa Msumbiji walivuka Ruvuma wakashambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara. Na Desemba 2017, kule Semuliki, Kivu Kaskazini, Kongo, kambi ya askari wetu wa kulinda amani ilishambuliwa usiku, na zaidi ya askari kumi wa JWTZ wakauawa katika shambulio lile moja. Mto, mtumbwi, msitu, mvua, giza, kambi ya mbali. Mna uwanja wa vita wa kwenu, kwa nini mnaazima wa wengine? Na mkiandika Semuliki, msiishie kwenye risasi. Majeneza yaliyofunikwa bendera yalirudi nyumbani, na kila moja lilikuwa na mlango lilioingia.

Nimefika kwenye jambo ambalo hasa ndilo lililonileta, nalo ni waliokufa na walioumia.

Kuna kijana bodaboda wa Sakina, msomaji mzuri sana. Akiwa kijiweni anasubiri abiria yuko na kitabu, na mara nyingine mimi humpa mswada ausome, kwa ruhusa ya mwandishi, kwa sababu anasoma kwa jicho ambalo sisi wa ofisini hatuna. Nilimpa mswada mmoja wenye mbio za magari kutoka Kijenge hadi Mnara wa Saa. Mpelelezi anamfukuza gaidi. Katikati ya mbio imeandikwa sentensi moja: bodaboda mmoja akarushwa mtaroni. Halafu magari yanaendelea.

Alinirudishia akiwa amekunja ukurasa ule. Akaniuliza, "Mama, huyu aliyerushwa mtaroni ilikuwaje?" Nikamwambia mwandishi hakusema. Akasema, "Sasa pikipiki ilikuwa yake au ya mkataba? Kama ni ya mkataba, hesabu ya bosi jioni ataipata wapi? Na abiria aliyempakia?" Nikakaa kimya. Akaongeza, "Mimi nilishindwa kuendelea, nilikuwa nangoja warudi kumtazama."

Ndugu zangu, wangapi wako mtaroni katika vitabu vyetu? Nilimrudishia mwandishi yule mswada, nikamwekea swali la kijana pembeni. Sura ile aliiandika upya, ikawa sura bora kuliko zote. Yule bodaboda alivunjika mguu, na kwa kuwa alilala wodi moja na mtu fulani, akasikia jambo, na hadithi nzima ikageuka. Na mwandishi hakulazimika kupunguza mbio hata moja.

Nairobi, 1998. Kabla ya mlipuko mkubwa palisikika milio midogo, bunduki na bomu la mkono langoni. Watu waliokuwa kwenye majengo ya jirani, makarani, wahasibu, wanafunzi wa uhazili, walinyanyuka kwenye viti wakaenda dirishani kutazama kuna nini. Ungefanya nini wewe? Si ungekwenda kutazama? Kisha likaripuka lile kubwa, na vioo vikawaingia usoni. Watu wengi walipofuka siku ile kwa sababu walikwenda dirishani. Na chini ya kifusi cha jengo la Ufundi alinaswa mwanamke aliyekuwa akizungumza na waokoaji kwa siku kadhaa. Walipomfikia alikuwa amekwisha kufa.

Mtu aliyepofuka mwaka 1998 akiwa na miaka 25 amejifunza upya kupika, kuhesabu pesa kwa vidole, kulea watoto ambao hajaona sura zao. Amekuwa ndani ya hadithi ile kila siku tangu Ijumaa ile. Riwaya inayomalizika gaidi anapouawa imemwacha huyu nje ya jalada.

Na sisi? Mei 5, 2013, Jumapili, Olasiti. Parokia mpya ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi inazinduliwa, Balozi wa Papa amefika, watu wamejaa hadi nje ya kanisa. Bomu likarushwa. Watatu walikufa, zaidi ya 60 wakajeruhiwa. Miongoni mwa waliokamatwa siku za mwanzo walikuwamo raia wa kigeni, wakaachiwa baadaye. Hata kwa polisi wetu, kidole kilikwenda kwanza kwa mgeni. Juni 15, mwaka huo huo, uwanja wa Soweto, mkutano wa kampeni wa CHADEMA, bomu tena, watu wakafa tena. Aprili 2014, baa, watu wanatazama mpira, bomu tena. Kanisani. Mkutanoni. Kwenye mpira. Hakuna mtu humu ambaye hajaketi kwenye moja ya sehemu hizo tatu.

Miaka imepita. Nani ameandika? Nauliza kwa upendo: nani kati yetu ameandika hata hadithi fupi ya kurasa kumi? Nimepokea miswada ya mabomu ya Paris. Ya Olasiti sijapokea. Wapo wenzetu mjini hapa wenye vipande vya chuma mwilini mpaka leo, ambao baridi ya Juni ikishuka kutoka Meru wanajua kabla yetu. Wapo ambao kwenye mkusanyiko kama huu wanakaa karibu na mlango. Pengine yupo humu. Kama yupo, nakusalimu, na hulazimiki kusema lolote.

Mtakaokwenda kuwatafuta, nendeni kwa adabu. Fika, toa shikamoo, kaa. Sema wewe ni mwandishi na unataka nini. Akikataa kusimulia, kunywa chai yake uondoke, wala usimzunguke kupitia kwa jirani. Akikubali, badilisha jina na badilisha mtaa, lakini usibadilishe uzito wa jambo lake. Na msituandikie namna ya kutengeneza bomu. Nimezikata kurasa kama hizo kwenye miswada, na nitaendelea kuzikata. Msomaji hahitaji kujua lilivyofungwa. Anahitaji kujua lilipofunguka nani alikuwa amesimama pale.

Kabla sijapanda hapa, binti mmoja mwanafunzi alinifuata pale nje akaniuliza, "Mwalimu, kuandika habari za usalama si kujitafutia matatizo?" Nilimwahidi nitamjibu mbele ya wote. Binti yangu, siri za nchi hatuzihitaji. Ratiba ya walinzi, majina ya maofisa, mahali silaha zinapowekwa, hayo mwachie mwenye kazi yake. Yote niliyosema leo yalisemwa mahakamani, bungeni au magazetini. Nyumba ya Ilala ilielezwa kwa kiapo. Taba ilielezwa kwa kiapo. Anza na hayo, na ukiogopa andika ukiwa unaogopa, maana mhusika wako naye anaogopa na atafaidika na hofu yako. Ukimaliza, kaa na mtu anayejua sheria akusomee kabla ya kuchapa. Wamo humu, na wawili wameshaniambia watafanya hivyo bila malipo.

Miswada yenu nitaipokea hapo mezani baada ya kikao, au nitumieni. Kurasa thelathini za kwanza zinatosha, kwa Kiswahili mnachokisema kila siku. Mwenyekiti, naona saa yangu imekwisha, na maswali ni mengi. Yule mama mwenye kitenge cha bluu kule nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja Soweto. Naomba aanze yeye.